Urembo wa Uso na Amani ya Nyumba



Nyumbani huzungumzwa karo, shamba, wakwe na kodi ya nyumba. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hulipita kimya, nalo ni uso wa mwenzi. Huo ndio uso unaouona wa kwanza asubuhi na wa mwisho usiku. Hata hivyo, si wengi wanaojua ni nini hasa kinachoufanya uso uvutie au ufifie. Kwa sababu ya kutojua huko, pesa hupotea, ngozi huharibika, na maneno ya kuumiza husemwa kati ya watu wanaopendana.

Somo la leo lina sehemu nne na maswali mwishoni. Msomeni wawili, ikiwezekana mkiwa mmeketi pamoja.

1. Uso huonekana kwa tofauti ya rangi

Chukua kitambulisho chako uitazame ile picha ndogo. Jirani akiiona atakutambua mara moja, ingawa picha yenyewe haina rangi. Amekutambuaje? Nyusi zako ni nyeusi kuliko paji la uso. Mboni ni nyeusi katikati ya weupe wa jicho. Midomo ina rangi yake, tofauti na ya mashavu. Ni tofauti hizi za giza na mwanga zinazochora uso. Zikikolea, macho na mdomo huonekana wazi. Zikififia, uso wote huonekana kama umepoa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2009, Richard Russell wa Marekani alionyesha kwamba macho na midomo ya mwanamke hutofautiana na ngozi inayoizunguka kuliko ya mwanamume. Alipochukua picha ya uso mmoja na kuizidisha tofauti hiyo, watazamaji waliona uso wa kike. Alipoipunguza, uso uleule waliuona wa kiume. Kumbe wanja na rangi ya mdomo, vitu vilivyotumiwa na bibi zetu wa pwani tangu zamani, kazi yake ni kukoleza tofauti ambayo tayari ipo.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017, uliohusu wanawake wa Ufaransa, China, Amerika ya Kilatini na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba baadhi ya tofauti hizo hupungua kadiri miaka inavyosonga. Kwa hiyo, mama akikutazama kwenye kioo akasema, "Uso wangu umefifia siku hizi," usimcheke. Anachokiona kipo kweli.

2. Nyusi na ndevu: fremu ya uso

Watu hudhani macho ndiyo alama kubwa ya uso. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha za nyuso 50 maarufu. Katika baadhi ya picha macho yalifutwa, na katika nyingine nyusi zilifutwa. Ajabu ni kwamba watazamaji walishindwa zaidi kuzitambua nyuso zisizo na nyusi kuliko zile zisizo na macho.

Dada, lifikirie hilo kabla hujaketi kwenye kiti cha saluni. Kutinda nyusi si vibaya. Ondoa vinyweleo vilivyopotea njia chini ya nyusi na katikati ya pua, uache umbo lake la asili. Lakini ukizinyoa zote kwa wembe kisha ukachora mstari mwembamba wa wanja, umeiondoa fremu ya uso wako na kuweka uzi mahali pake. Tena nyusi zinazong'olewa mara kwa mara kwa miaka mingi zinaweza kukataa kurudi.

Ndugu, kwa upande wako fremu ni ndevu. Ndevu huitia taya giza na kulipa umbo. Mwenye kidevu chembamba anaweza kuziacha ziongezeke kidogo hapo chini. Mwenye mashavu mapana azipunguze pembeni. Zisizotunzwa hufuta mpaka kati ya shavu na shingo, na uso ukakosa mwanzo na mwisho.

Shida kubwa ya wanaume wetu ni vipele baada ya kunyoa. Chanzo chake ni hiki: nywele zetu hujikunja, na zikinyolewa karibu sana na ngozi, ncha kali hurudi na kuingia ndani ya ngozi. Ngozi huvimba, kisha huacha doa jeusi. Yafuatayo husaidia:

Lowesha ndevu kwa maji ya moto kiasi na upake sabuni ya povu kabla ya kunyoa.

Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, na usiivute ngozi.

Vipele vikizidi, acha wembe. Tumia mashine, na uache ndevu fupi badala ya kuparua kabisa.

Usivitumbue vipele. Doa unalolichukia hutokana mara nyingi na kidole chako mwenyewe.

Usitumie wembe wa mtu mwingine, hata wa mkeo, na mwambie kinyozi aisafishe mashine kabla ya kukugusa. Ukimwi na homa ya ini huweza kupita kwenye damu iliyobaki juu ya wembe.

3. Kujichubua: tofauti mahali isipotakiwa

Hapa ndipo penye hatari. Mtu anaweza kuuliza, "Kama tofauti ndiyo inayopendeza, mbona nisiifanye ngozi kuwa nyeupe ili nyusi na midomo vitokeze?" Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba mkorogo haujui kuchagua. Mashavu hugeuka mekundu, huku kuzunguka macho, masikioni na kwenye viungo vya vidole kukibaki kweusi. Tofauti mpya huzuka, lakini si kwenye macho wala midomo. Jicho la mtazamaji sasa hukimbilia mabaka.

Hayo ni ya nje. Ya ndani ni mazito zaidi. Vitu vitatu hupatikana mara nyingi katika dawa hizi.

Cha kwanza ni zebaki. Huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Haimdhuru anayejipaka peke yake. Watoto huipata kwa kuguswa, kwa taulo na kwa mto wa kulalia, na mtoto aliye tumboni huipata kupitia kwa mamake. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi iwe na weusi wa kibuluu, na weusi huo ni mgumu sana kuondoka. Cha tatu ni stiroidi kali, ambazo hukonda ngozi mpaka mishipa ikaonekana, na kuleta chunusi na vinyweleo usoni.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Hata hivyo bado vinauzwa, vingine katika chupa zisizo na lebo. Utavijuaje? Kuna dalili moja ambayo Shirika la Afya Duniani limeitaja, nayo inawahusu wana ndoa hasa. Ukikuta mafuta ya uso yanayokuonya usiyaguse kwa dhahabu wala fedha, shuku zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Migori wanaijua sababu yake: zebaki hushikana na dhahabu, na ndiyo wanayoitumia kuikusanya. Sasa fikiria, mama. Kama mafuta hayo hayafai kugusa pete yako ya ndoa, yatafaaje kugusa shavu analolibusu mtoto wako?

Aliyekwisha kuanza asijifiche kwa aibu. Amwone daktari, na aende na chupa yenyewe. Mafuta yenye stiroidi yakiachwa ghafla baada ya muda mrefu, ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, kwa hiyo ni vema daktari amwongoze namna ya kuyaacha.

Mume naye asijitoe katika jambo hili. Wapo wake walioanza kujichubua kwa sababu ya sentensi moja tu iliyosemwa mezani: "Huyo jirani ana rangi nzuri." Mume alisahau kabla hajamaliza chai. Mke hakusahau. Akaanza kupunguza pesa za sukari na sabuni, shilingi hamsini leo, mia kesho, ili anunue chupa sokoni. Mume akishangaa ngozi ya mkewe inabadilika, aanze kwa kuukumbuka ulimi wake.

Tena kuna jambo ambalo kila mume anapaswa kulijua. Mimba inaweza kuleta madoa meusi kwenye mashavu na paji la uso. Si uchafu, wala si uzembe. Husababishwa na mabadiliko ya mwili, na jua huyazidisha. Kwa wengi hufifia baada ya kujifungua. Mke akiambiwa wakati huo kwamba ameharibika uso, anaweza kukimbilia mkorogo katika miezi ileile ambayo mtoto yuko hatarini zaidi. Mnunulie kofia pana au mwavuli, na umwambie yatapungua.

4. Kujipamba kwa kiasi na kwa busara

Je, basi mtu asijipambe? La. Ni heshima kwa mwenzi wako kutunza uso anaouona kila siku. Haya ni ya kawaida wala hayahitaji pesa nyingi:

Osha uso kwa sabuni isiyo kali na upake mafuta ukiwa bado na unyevu. Ngozi kavu huonekana kama ina majivu, na majivu hayo hufunika rangi zote za uso.

Poda ifanane na ngozi yako. Ijaribu kwenye taya, karibu na shingo, ukiwa nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya duka. Poda nyeupe kuliko ngozi hufanya uso uwe kama barakoa iliyowekwa juu ya shingo ya mtu mwingine.

Chagua kukoleza kimoja. Ukikoleza macho kwa wanja, midomo ipake rangi ya kadiri. Ukikoleza midomo, macho yaache yapumzike. Vyote vikipiga kelele, hakuna kinachosikika.

Wanja usiojulikana umetoka wapi usiutumie, hasa kwa mtoto mchanga. Aina nyingine zimekutwa na madini ya risasi. Na rangi ya piko, ile inayotiwa nywele, isichorwe kwenye ngozi badala ya hina, kwa maana huchoma watu wengine mpaka wakapata malengelenge.

Wanaume pia, mafuta kidogo ya uso hayaondoi uume. Mke anayekuona na midomo iliyopasuka na ndevu zenye makapi ya ugali naye ana macho.

Zaidi ya yote, zungumzeni. Badala ya kusema, "Mbona umezeeka hivi?" sema, "Mama Watoto, ile rangi ya mdomo uliyovaa Jumapili ilikupendeza." Badala ya kusema, "Unanichoma na hizo ndevu," sema, "Baba Watoto, ukinyoa vizuri nakuona kijana." Neno la sifa halina bei, na huingia ndani kuliko dawa yoyote ya chupa.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kitu gani katika uso wa mwenzangu nilichokipenda kwanza? Je, nimewahi kumwambia?

2. Ni neno gani kuhusu sura yangu lililoniumiza, nami nikanyamaza?

3. Ni vipodozi gani vilivyomo nyumbani mwetu? Vileteni mezani msome lebo zake wawili. Kisicho na lebo, au kinachokataza dhahabu, kifungeni kwenye mfuko na mkipeleke kliniki mkaulize namna ya kukitupa.

4. Kila mwezi tunaweza kutenga kiasi gani kwa kinyozi, saluni na mafuta bila kufichana?

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, mjibu maswali haya kwa zamu. Mmoja akisema, mwingine asikilize bila kujitetea mpaka amalize.