Maswali na Majibu: Kasoro za Slaidi katika Kempa za Pikapu

Mada hii huulizwa kwa sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja: kempa ya pikapu haina ekseli yake yenyewe. Ukishika hilo, nusu ya majibu yatakuja bila kukariri.

Swali la 1. Eleza maana ya kempa ya pikapu na slaidi yake. (Alama 2)

Kempa ni nyumba ndogo inayopakiwa kwenye bodi ya pikapu: kitanda kiko juu ya kebini ya dereva, nyuma kuna jiko, friji, na mara nyingi choo na bafu. Marekani na Kanada ndiko zilikoenea. Slaidi ni kipande cha ukuta ambacho, pamoja na meza au sofa iliyomo, husukumwa nje na mota gari likiwa limeegeshwa, kama droo ya kabati. Kabla ya kuondoka hurudishwa ndani. Faida yake ni nafasi ya sakafu. Usiendelee kusifu, hujaulizwa faida.

Swali la 2. Kwa nini uzito wa slaidi huiathiri kempa ya pikapu kuliko trela? (Alama 8)

Sehemu kubwa ya uzito wa trela hubebwa na magurudumu yake yenyewe. Kempa yote iko mgongoni mwa pikapu, hivyo kila kilo inayoongezwa huangukia springi, ekseli na tairi zilezile. Pikapu zinazouzwa Marekani huwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Slaidi nayo haiji mikono mitupu: ina fremu, reli, mota, sakafu yake na paa lake. Kilo 200 za ziada si ajabu.

Onyesha hesabu, maana watahini huipenda. Chukua pikapu yenye uwezo wa kilo 1,800 na kempa tupu isiyo na slaidi ya kilo 1,350. Ongeza maji lita 110, yaani kilo 110. Watu wawili, kilo 150. Gesi, betri, chakula na nguo, kilo 150. Jumla ni kilo 1,760, zimebaki 40. Sasa weka slaidi ya kilo 200: jumla 1,960, umezidisha kwa kilo 160 kabla hujapakia hata baiskeli.

Tahadhari: usiandike kwamba dawa ni kuongeza mifuko ya hewa kwenye springi. Mifuko hunyanyua mkia wa gari ulioinama, lakini haibadilishi tarakimu ya kwenye kibandiko. Wauzaji wengi hawana haraka ya kulieleza hili.

Swali la 3. Slaidi huathirije mizani ya gari? (Alama 4)

Kempa inapaswa kukaa hivi kwamba kitovu cha uzito wake kiwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Slaidi ya ubavuni huvuta uzito upande mmoja, hasa ikibeba friji au kabati za jikoni, na gari huweza kuinama upande huo. Slaidi ya nyuma ni mbaya zaidi: huvuta uzito nyuma ya ekseli, tairi za mbele zikapungukiwa mzigo na usukani ukawa mwepesi kuliko inavyofaa.

Swali la 4. "Kila slaidi ni tundu ukutani." Jadili. (Alama 6)

Kauli ina chumvi, ila msingi wake ni wa kweli. Ukuta mzima huzuia mvua wenyewe. Ukuta uliokatwa hutegemea mipira inayozunguka slaidi. Mipira huchakaa kwa jua, hukauka, hupasuka. Majani na sindano za misonobari hujikusanya juu ya paa la slaidi, na ukiifunga bila kufagia, takataka huingia nayo ndani au hunasa kwenye mpira na kuacha upenyo.

Katika misitu yenye mvua ya Oregon na Washington, upenyo mdogo unatosha. Maji huingia kwenye kingo za sakafu ya slaidi, plaiwudi hunyonya na kuoza polepole chini ya zulia. Hapo ndipo penye hasara hasa, kwa sababu mwenye gari huhisi sakafu ikibonyea wakati uozo umeshakomaa. Ongeza kwamba tundu kubwa hupunguza ugumu wa ukuta, na njia za changarawe kama Dempster Highway ya Kanada hutikisa na kupinda kila kiungo.

Swali la 5. Taja hitilafu za mtambo wa slaidi. (Alama 3)

Betri dhaifu, fyuzi iliyoungua, mota iliyokufa, meno ya gia yaliyolika, upande mmoja kutangulia mwingine hadi slaidi ikakwama mshazari. Ikikwama nje, huwezi kusafiri. Mitambo mingi ina njia ya kuirudisha kwa mkono. Ijue kabla giza halijaingia.

Swali la 6. Ni kasoro gani wanafunzi husahau? (Alama 4)

Maisha ndani slaidi ikiwa imefungwa. Katika baadhi ya michoro, slaidi iliyofungwa huziba njia ya choo, friji au kitanda. Unasimama kando ya barabara upike chai, kumbe huna pa kupita. Kwenye feri na maegesho ya mjini hakuna nafasi ya kuifungua. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mtu aingie ndani slaidi ikiwa imefungwa.

Swali la 7. Na baridi? (Alama 1)

Joto hupotea kupitia mipira na kuta za ziada, hita hula gesi zaidi.

Swali la 8. Kweli au si kweli: bila slaidi safari ndefu haiwezekani. (Alama 2)

Si kweli. Mwaka 1960 mwandishi John Steinbeck aliizunguka Marekani na mbwa wake Charley katika kempa ya chumba kimoja juu ya pikapu ya GMC aliyoiita Rocinante. (Waliofuatilia nyayo zake baadaye walionyesha kwamba usiku mwingi alilala hotelini, lakini hilo liwe jibu la mtihani wa fasihi.)

Swali la 9. Ni nani ambaye kasoro hizi humgusa kidogo? (Alama 3)

Anayeegesha kwa miezi. Karibu na Quartzsite, Arizona, kuna ardhi ya serikali inayoruhusu wageni kupiga kambi kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa kibali maalumu. Jangwani mvua ni haba, slaidi hufunguliwa mara moja ikakaa wazi, na nafasi ya ziada hutumika kila siku. Kasoro ya uzito haiondoki: siku ya kwenda na siku ya kurudi kibandiko cha mlangoni ni kilekile.