NYAYO ZA MTERA

Mkonze iko Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Nchi hiyo ni kavu. Mvua hunyesha majira moja tu kwa mwaka, na watu wake wamezoea ng'ombe na uwele kuliko ndoana. Lakini upande wa kusini, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, liko bwawa kubwa la Mtera. Hapo maji ya mto Ruaha Mkuu yalizuiwa kwa ukuta, yawe akiba kwa umeme wa Kidatu. Na tangu mwaka 1988 Mtera yenyewe hutoa umeme. Majini mna perege na kambare, tena mna mamba na viboko.

Mtu mmoja wa Mkonze alikuwa na kazi ya kuwaongoza wageni waendao huko kuvua. Siku moja alfajiri aliwaongoza wageni wawili kwenda mtumbwini, na mpwa wake, mtoto wa miaka 12, alifuata nyuma akichukua chambo. Wale wakubwa walizungumza habari za samaki, wala hawakutazama chini. Mara mtoto akasimama, akasema, "Mjomba, tazama nyayo hizi. Zina vidole vinne, nazo zimetoka majini. Za kurudi ziko wapi?"

Mjomba akatazama, akanyamaza. Maana kiboko hushinda majini mchana, jua lisimwunguze. Usiku hupanda nchi kavu kula majani, na kunapokucha hurudi. Ikiwa nyayo za kurudi haziko, basi mnyama yu nyuma yao, nao wamesimama kati yake na maji.

Mgeni mmoja akasema, "Tukimbilie mtumbwini!"

Mjomba akajibu, "La, Bwana. Huko ndiko aendako yeye. Tumwachie njia."

Wakaondoka upesi pasipo kelele, wakapanda jiwe kubwa lililokuwa kando. Hawajakaa vizuri, akatokea kiboko jike na mtoto wake. Akashuka mbio, akaukumba mtumbwi ubavuni, ukapasuka; kisha wote wawili wakazama, maji yakatulia.

Wageni wakamshukuru kiongozi wao. Lakini yeye akasema, "Msinishukuru mimi. Nimeipita njia hii miaka mingi, hata nikaacha kuitazama. Leo mpwa wangu ndiye aliyeniongoza."

Wanafunzi, wengi hudhani kiboko hana madhara kwa kuwa hula majani. Lakini uzito wake hupita kilo 1,000, naye humshinda mtu mbio. Hana haja ya kumla mtu. Akizibiwa njia ya maji, humwua.

MASWALI
1. Mtoto alijuaje kwamba kiboko hajarudi majini?
2. Kwa nini haikufaa kukimbilia mtumbwini?
3. Kwa nini mjomba hakuziona nyayo zile?