Dondoo muhimu: Jiko la kapera mwenye kipato kidogo

Kijana anayepanga chumba kimoja Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, hana budi kutenga fungu la kodi kila apatapo ujira, kabla ya matumizi mengine, kwa kuwa deni la kodi humtoa mtu chumbani ilhali upungufu wa kitoweo huvumilika.

Maharage ndiyo nguzo ya jiko lake. Yakilowekwa, yaani yakiachwa ndani ya maji usiku kucha, huiva upesi na kuokoa gesi ya mtungi mdogo wa kilo 6; maji ya kulowekea yamwagwe, kisha maharage yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili iletayo kutapika na kuharisha. Tui litiwe katika kiasi kinacholiwa papo hapo tu, maana huchacha haraka.

Wali uliolala nje ya jokofu usiliwe hata ukipashwa moto, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha humo sumu isiyoharibiwa na joto. Asiye na jokofu apime mchele wa mlo mmoja.

Chakula cha mchana kwa mama lishe, ambacho washauri wa akiba hukilaumu bure, mara nyingi ni nafuu kuliko kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja.