Namna ya kutathmini Makefile bila kuiendesha

Kichanganuzi chako kimekamilika: unakipa Makefile, kinakurudishia mti wenye vigeu, kanuni na amri zake. Sasa ndipo kazi ngumu inapoanza. Atakayetumia maktaba yako hana haja na mti. Anataka kujua `CFLAGS` ina thamani gani faili likifika mwisho, ni faili zipi zitakazoundwa, na kwa amri gani. Wengi huanza na kamusi ya majina na thamani: soma mstari, weka thamani, endelea. Kamusi hiyo inavunjika kwa mistari minne tu:

    CC = gcc
    A = $(CC) -O2
    B := $(CC) -O2
    CC = clang

Mwisho wa faili, `A` ni `clang -O2`, na `B` ni `gcc -O2`. Alama ya `=` huhifadhi maandishi jinsi yalivyo, yakapanuliwa pale tu kigeu kinapoitwa; `:=` huyapanua papo hapo. Kwa hiyo usihifadhi thamani. Hifadhi rekodi ndogo yenye maandishi yenyewe, aina ya kigeu, na asili yake. Thamani ikokotolewe inapoombwa.

Aina ya kigeu utaihitaji mara tu utakapofika kwenye `+=`. Kigeu kikiwa cha `=`, nyongeza huunganishwa bila kupanuliwa; kikiwa cha `:=`, nyongeza hupanuliwa kwanza; kikiwa hakijawahi kuwekwa, `+=` hufanya kazi ya `=`. Ukiichukulia `CFLAGS += -g` kuwa ufupisho wa `CFLAGS = $(CFLAGS) -g`, umeunda kigeu kinachojiita chenyewe bila kikomo, na GNU Make ikijaribu kukipanua husimama na kutoa kosa. Maktaba yako nayo ifanye hivyo: weka alama kwenye kigeu unapoanza kukipanua, iondoe ukimaliza, na ukiikuta bado ipo, toa kosa lenye jina la faili na namba ya mstari. Isipokuwa ndani ya `$(call ...)`, ambako kujiita kunaruhusiwa.

Nayo asili ndiyo inayoamua nani ana nguvu kuliko nani. Kilichoandikwa kwenye mstari wa amri, kama `make CC=tcc`, hushinda kilichomo kwenye faili, labda faili litumie `override`. Kilichomo kwenye faili hushinda kilichotoka kwenye mazingira ya mfumo, labda mtu aendeshe kwa `-e`. Na `?=` huangalia kama kigeu kimewahi kuwekwa, haijali kama kina kitu: kigeu kilichowekwa kikiwa kitupu kimeshawekwa, na `?=` haikigusi.

Make iliandikwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, na lugha yake imekuwa ikiongezewa vipande tangu hapo. Ndiyo maana kuchanganua na kutathmini havitengani vizuri kama ambavyo ungependa. `ifeq` huamuliwa wakati faili linasomwa, kwa thamani zilizopo hapo hapo, si zile za mwisho. Basi mti wako ubebe matawi yote mawili ya kila sharti, na kitathmini kipite kutoka juu kwenda chini kikichagua. `include` inaweza kutaja faili ambalo jina lake limo ndani ya kigeu. `$(eval ...)` ndiyo msumbufu kuliko yote: hoja yake hupanuliwa, matokeo yakachanganuliwa upya kama sehemu ya Makefile, kisha yakapanuliwa tena, na ndiyo sababu utaona `$$` zimejaa humo. Kitathmini lazima kiweze kukiita kichanganuzi katikati ya kazi. Usipoweka njia hiyo mapema, utakuja kubomoa nusu ya msimbo.

Amri za kanuni ziache kama zilivyo. `$@` na `$<` hazina maana mpaka lengo mahususi lichaguliwe, hivyo toa fanksheni inayopokea lengo na kurudisha amri zilizopanuliwa kwa ajili yake tu.

Kwenye `$(shell ...)` ndipo ningetumia muda mwingi zaidi. Maktaba ya kukagua miradi ya watu haipaswi kuendesha chochote kilichoandikwa na watu hao, na wala usijidanganye kwamba `make -n` ni salama: huzuia amri nyingi za kanuni, lakini `$(shell ...)` iliyo upande wa kulia wa `:=` huendeshwa faili linaposomwa tu. Mwachie mtumiaji akupe fanksheni yake ya kushughulikia `shell`, na asipokupa, rudisha thamani maalumu yenye maana ya "haijulikani". Usirudishe maandishi matupu. Make halisi hurudisha utupu kwa kigeu kisichokuwapo, na hilo ni jambo linalojulikana. Tokeo la `$(shell git rev-parse HEAD)` halijulikani, na hayo ni mambo mawili. Acha hali hiyo isambae: neno lililounganishwa na kisichojulikana nalo halijulikani, na `ifeq` inayokitegemea ipitiwe matawi yote mawili huku vigeu vilivyowekwa humo vikitiwa alama ya shaka. Ni kazi ya ziada, lakini ripoti yenye shaka iliyo wazi ni bora mara kumi kuliko jibu la uhakika ambalo si kweli.

Kwa fanksheni nyingine, gawa hoja kwenye mikato kabla ya kupanua. `$(subst a,b,$(X))` ina hoja tatu hata kama thamani ya `X` imejaa mikato.

Majaribio yako yapime dhidi ya Make yenyewe. Andika faili fupi, malizia na `$(info [$(X)])`, kisha linganisha. Mabano ya mraba yana kazi: katika `X = /opt   # njia`, nafasi zilizo kabla ya `#` hubaki kwenye thamani, na bila mabano hutaziona. Taja toleo unalolinganisha nalo. Kompyuta za Apple bado huja na 3.81 ya mwaka 2006, isiyoijua `!=` wala `::=` zilizoingia na 4.0, na `$(wildcard ...)` iliacha kupanga majina ya faili kuanzia 3.82 hadi ilipoanza tena kuyapanga katika 4.3, hivyo kwa matoleo ya hapo katikati linganisha orodha bila kujali mpangilio.