Kingamwili za Panya, Damu za Watu: Mafunzo Niliyopata Maabarani

Kama umefika hatua ya kuagiza kingamwili zako mwenyewe, huna haja ya kuhubiriwa umuhimu wa sayansi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Komplimenti ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikiwa ndani ya damu. Zikiamshwa, moja humkata mwenzake, naye humkata mwingine, mpaka bakteria atobolewe na seli za kinga ziitwe. Kuzipima kwa binadamu tunategemea sana kingamwili monokloni za panya, zao la mbinu ambayo Köhler na Milstein waliitangaza mwaka 1975 kutoka Cambridge: seli ya wengu wa panya huunganishwa na seli ya saratani, kisha huzaliana bila kikomo na kutoa kingamwili ya aina moja tu. Maneno hayo "aina moja tu" niliyakariri nikiwa mwanafunzi. Kuyaelewa kulinichukua nusu ya ajira yangu.

1. Tyubu hujibu kabla ya kingamwili

Nilipokuwa kijana nilipima C3a, kipande kidogo kinachomeguka C3 inapoamka, katika damu za watoto wenye malaria kali na wenzao wazima. Majibu ya wote yakawa juu. Nilifurahi! Kichwani nilishaanza kuandika utangulizi wa makala kuhusu jamii nzima iliyoamka komplimenti. Fundi wetu wa maabara, mama aliyekuwa kazini kabla sijajua kushika pipeti, aliitazama rafu kisha akaniambia kwa upole, "Daktari, hizi zote ni kofia nyekundu. Na zimekuja bila barafu."

Kofia nyekundu ni seramu: damu imeachwa igande, na wakati wa kuganda komplimenti huamka ndani ya tyubu. Nilichopima ilikuwa safari ya gari.

Chukua plazma ya EDTA, ile ya kofia ya zambarau. EDTA hunyakua kalsiamu na magnesiamu, na bila madini hayo hatua za mwanzo hazikamiliki. Weka tyubu kwenye barafu papo hapo, izungushe kwenye sentrifuji baridi, igawe plazma kwenye vichupa vidogo, kisha hifadhi kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kichupa kilichokwisha kuyeyushwa usikirudishe kwenye friza. EDTA iwemo pia kwenye maji ya kuzimulia, la sivyo utaiamsha komplimenti juu ya sahani yako mwenyewe baada ya taabu yote hiyo.

2. Uliza inaona umbo gani

C3 nzima katika damu ni takriban gramu 1 kwa lita. C3a, katika plazma iliyotunzwa vizuri, ni ndogo kuliko hiyo maelfu ya mara. Kingamwili inayoshika sehemu iliyopo kwenye C3 nzima na kwenye C3a pia itakupa rangi nzuri sana kwenye sahani, nawe utapima kilicholala ukidhani umepima kilichoamka. Karatasi iliyokuja na kichupa imeandika tu "dhidi ya C3". Hiyo haitoshi.

Kilichonishangaza kuliko yote katika kazi hii ni kloni iitwayo aE11, ambayo Mollnes na wenzake nchini Norwei waliieleza mwaka 1985. Inaishika C9, lakini si C9 yoyote. C9 inayoelea peke yake hupita mbele yake bila kutambuliwa. Ikishajiunga na C5b, C6, C7 na C8 kuunda C5b-9, umbo lake hubadilika na pembe iliyojificha hujitokeza; hapo ndipo aE11 huishika. Ni sawa na mgeni anayemtambua bibi harusi akiwa amepambwa tu, lakini akimkuta jikoni kesho yake anampita. Kwa anayetaka kujua kama mfumo umeamka mpaka mwisho, upofu huo ni neema. Tangu niielewe, kabla ya kununua kingamwili yoyote huuliza pia isichokiona.

3. Jeli si ELISA

Mwanafunzi wangu mmoja alihangaika na kloni iliyong'ara kwenye ELISA lakini kwenye western haikuonyesha hata ukungu. Alibadilisha kila kitu, mpaka mpishi wa chai akalaumiwa. Joto na sabuni ya SDS huikunjua protini. Kama kingamwili hushika mkunjo, hapana cha kushika. Mwambie mapema anayekuuzia utaitumia wapi.

4. Damu ya mgonjwa nayo ina kingamwili

Plazma ya mgonjwa mmoja wa baridi yabisi ilitoa C5b-9 ya kutisha. Tukavaa sura za wagunduzi. Baadaye tulipaka visima kwa kingamwili ya panya ya kundi dogo lilelile la ile tuliyopimia, lakini isiyojua protini yoyote ya binadamu. Rangi ikabaki ileile. Wagonjwa hao mara nyingi wana kingamwili zinazoshika mikia ya kingamwili nyingine, hata za panya, na hivyo huunganisha ile ya chini iliyopakwa kisimani na ile ya juu inayoleta rangi bila kuwapo protini unayoitafuta. Visima hivyo vya kulinganishia viwemo kwenye kila sahani, hata bajeti ikinuna.

5. Herufi moja yatosha

Eculizumab, dawa inayozuia C5, ilianza kama kingamwili ya panya, ikavishwa umbo la kibinadamu na kuidhinishwa Marekani mwaka 2007. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliripoti wagonjwa 11 kati ya 345 ambao haikuwasaidia. C5 yao ilifanya kazi kama kawaida, ila amino asidi moja, ya 885, ilikuwa nyingine, na dawa haikuweza kushika. Kloni ya kupimia nayo inaweza kukwama hivyohivyo, na kisima kikatoka cheupe huku protini imejaa. Jibu la sifuri lihakikishe kwa kloni ya pili inayoshika mahali pengine.

6. Taja kloni

Ukituma makala yako jaridani, andika jina la kloni, kundi lake dogo, aina ya tyubu, na dakika ngapi zilipita kati ya sindano na barafu. Nikipewa mimi kuipitia, hayo ndiyo nitakayoyatafuta kwanza, na nisipoyaona nitairudisha.