Usiku wa Kwanza Ndani ya Gari: Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kulala

Gari la kulalia ni gari lenye kitanda, jiko dogo la gesi, tangi la maji na taa. Lingine huwa na umbo la basi dogo, na lingine ni gari la kawaida lenye hema lililofungwa juu ya paa. Anayelikodi kwa mara ya kwanza huuliza mengi kuhusu gari lenyewe: linakunywa mafuta kiasi gani, kitanda kinatosha watu wangapi, gesi itadumu siku ngapi. Swali ambalo husahaulika ni moja: gari hilo litalala wapi?

Somo hili linalijibu swali hilo kwa kutumia Kaunti ya Nakuru kama mfano. Katika kaunti hii kuna Ziwa Naivasha, Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Mlima Longonot, Ziwa Elementaita na Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, zote zikifikika kwa siku moja kutoka Nairobi. Mwisho wa somo, msomaji ataweza kulinganisha kambi mbili na kueleza ni ipi inayofaa kwa usiku wa kwanza, na kwa nini.

Kanuni ya usiku wa kwanza

Usiku wa kwanza ni wa kujifunza gari. Msafiri bado hajui swichi ya taa iko wapi, hema hufunguliwaje, wala blanketi zitatosha au la. Makosa madogo hayakosi. Kwa hivyo mahali pazuri pa kuanzia ni pale ambapo kosa dogo haliwezi kugeuka kuwa maafa: pana watu karibu, pana uzio, ardhi ni imara na njia ya kutoka iko wazi. Mandhari mazuri ni faida, lakini hayaji kwanza. Mahali pa porini zaidi panaweza kusubiri usiku wa pili au wa tatu.

Ili kupata mahali pa namna hiyo, kuna hatua nne.

Hatua ya 1: Kuhesabu saa kutoka machweo

Watu wengi hupanga safari kuanzia saa ya kuondoka. Ni salama zaidi kuanza na saa ya giza na kurudi nyuma. Hapa Kenya jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Malango ya mbuga zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Anayechelewa hukuta lango limefungwa, na hapo ndipo watu hulazimika kuegesha kando ya barabara wasikopajua.

Lengo liwe kufika kambini si chini ya saa mbili kabla ya giza. Muda huo unatosha kukagua ardhi, kusawazisha gari, kupika na kujua choo kilipo. Katika hesabu, gari la kulalia lisichukuliwe kama gari dogo la kila siku. Ni zito, huyumbishwa na upepo, na halipiti malori kwa urahisi kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Hatua ya 2: Kusoma ardhi na maji

Hatua hii ndiyo inayookoa maisha. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipasua njia na kusomba makaazi katika eneo la Kamuchiri. Makumi ya watu walikufa, wengi wakiwa wamelala. Siku mbili baadaye Mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara na kufurika kambi za watalii, hata wengine wakaokolewa kwa helikopta. Huko nyuma, Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 waliokuwa wakitembea kwenye korongo la Hell's Gate.

Funzo ni lile lile katika matukio yote matatu: maji yanaweza kutoka mbali. Mvua ikinyesha nyanda za juu, lagha iliyo kavu inaweza kujaa kwa dakika chache ilhali mahali alipo msafiri hakujanyesha hata tone. Mchanga laini na tambarare chini ya kingo za mto huvutia kuegesha, lakini ulisawazishwa na mafuriko yaliyotangulia. Vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka huonyesha maji yaliwahi kufika kimo gani. Gari lilale juu ya alama hiyo, kwa umbali mkubwa, hasa msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba.

Maziwa nayo husogea. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda na kufurika mtaa wa Kihoto, na mwaka wa 2025 wakaazi wa mtaa huo walihamishwa tena na maji. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, kupanda kwa ziwa katika miaka ya 2010 kulizamisha lango kuu la zamani na baadhi ya barabara. Kwa hivyo ramani au picha ya miaka kadhaa iliyopita inaweza kuonyesha kambi ambayo leo iko chini ya maji. Njia ya kujua ni kupiga simu kambini wiki ile ile ya safari.

Akishafika, msafiri atembee kwa miguu kabla ya kuegesha. Ardhi iwe ngumu. Udongo mweusi wa kunata hubeba gari vizuri ukiwa mkavu, lakini mvua ya saa moja huutosha kulinasa. Asiegeshe chini ya mgunga wenye matawi makavu. Chupa ya maji ikilazwa sakafuni isibingirike, gari liko sawa. Na daima gari lielekee njia ya kutokea, ili likilazimika kuondoka usiku lisihitaji kurudi kinyumenyume.

Hatua ya 3: Kuwajua majirani wa usiku

Kando ya Ziwa Naivasha jirani mkuu ni kiboko. Mchana hukaa majini, na usiku hupanda nchi kavu kula nyasi. Hatari kubwa ni mtu kusimama kati yake na maji. Kambi nyingi za ufuo wa kusini zina uzio wa umeme unaotenganisha viboko na wageni. Swali la kuuliza ni kama uzio huo unafanya kazi usiku kucha, na kama vyoo viko ndani yake.

Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru kuna simba, chui, nyati na vifaru, na kambi zilizo ndani ya mbuga hazitengwi nao. Hell's Gate inajulikana kwa kuruhusu watu kutembea na kuendesha baiskeli mchana, lakini nyati wapo, na chui pia. Usiku, mtu akae ndani ya gari au karibu nalo sana, na amulike tochi kabla ya kushuka. Chakula kisiachwe nje. Nyani hujua kufungua mlango au dirisha lisilofungwa vizuri, na akishazoea kupata chakula kwa wageni huwa tishio kwa wote watakaofuata.

Baridi nayo ihesabiwe. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huwa na baridi kali. Ni marufuku kabisa kuingiza jiko la makaa garini ili kupata joto, au kuacha jiko la gesi likiwaka watu wakiwa wamelala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua aliyelala kabla hajaamka. Blanketi moja la ziada ni dawa bora.

Hatua ya 4: Kuuliza kabla ya kulipa

Kambi za KWS ni za aina mbili, na wageni wengi huzichanganya. Kambi za umma hutumiwa na yeyote aliyelipa, na kwa kawaida huwa na choo na maji, ingawa maji hayo si lazima yawe ya kunywa. Kambi maalumu hukodishwa kundi moja pekee, lakini hazina huduma: hakuna choo, hakuna bomba, hakuna jirani. Neno "maalumu" lisimdanganye anayeanza. Kwa usiku wa kwanza, kambi ya umma au ya kibinafsi yenye mlinzi inafaa zaidi.

Malipo ya mbuga hufanywa kwa njia ya eCitizen, si kwa fedha taslimu langoni. Ni vyema kulipa kabla ya kuondoka nyumbani, mahali penye mtandao mzuri. Tena, tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi ndani ya mbuga. Maji ya kunywa yabebwe kwenye mtungi au chupa ya kudumu.

La mwisho la kuuliza ni mahali pa kumwaga maji machafu na taka za choo cha gari. Maziwa ya Naivasha, Nakuru na Elementaita ni maeneo oevu yanayotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji ya Naivasha hutegemewa na wavuvi, wakulima na maelfu ya familia. Sabuni na kinyesi visifike ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko.

Mfano: Wikendi ndefu ya familia moja

Tuseme familia ya watu wanne jijini Nairobi imekodi gari kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu. Baba anataka kambi ya Makalia, karibu na maporomoko ya maji, kusini mwa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mama anapendekeza kambi ya kibinafsi yenye uzio kando ya barabara ya Moi South Lake, Naivasha.

Kukabidhiwa gari na kununua chakula kunamaliza asubuhi, na familia inaondoka saa sita mchana. Nakuru iko takriban kilomita 160. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa tatu. Ukiongeza saa moja ya chakula, wanafika mjini baada ya saa kumi jioni. Bado kuna safari ya kwenda langoni, ukaguzi, na mwendo wa polepole ndani ya mbuga. Hema litafunguliwa jua likizama, na watu wasiowahi kulifungua, mahali penye simba.

Naivasha iko takriban kilomita 90. Kwa mwendo ule ule na mapumziko yale yale, wanafika karibu na saa tisa, wakiwa na zaidi ya saa tatu za mwangaza. Watoto watajifunza kufungua hema, baba atagundua kwamba tochi moja haina betri, na kuna duka karibu la kununua nyingine. Hata samaki wa jioni wanaweza kununuliwa kwa wachuuzi wa ufuo wa Kamere, nazo fedha zikabaki kwa wenyeji.

Jumapili, wakiwa wamelijua gari, wanaweza kuingia Hell's Gate asubuhi na kulala kambi ya umma ya Naiburta. Makalia haijafutwa. Inasubiri safari ya pili, siku watakayoweza kuondoka alfajiri.

Maswali ya kujipima

1. Kambi mbili zina bei sawa. Moja iko kwenye mchanga kando ya lagha kavu, nyingine juu ya kilima umbali wa mita 500. Ni ipi ya kuchagua mwezi wa Aprili, na dalili gani zitathibitisha uamuzi huo?

2. Msafiri anataka kufika kambini saa mbili kabla ya giza. Kambi iko kilomita 120 kutoka kwake. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa na mapumziko ya saa moja, aondoke saa ngapi?

3. Taja maswali matatu ya kumuuliza mwenye kambi ya kando ya ziwa kabla ya kumtumia pesa.

Jibu la swali la 2: mwendo ni takriban saa mbili na nusu, pamoja na saa moja ya mapumziko. Ili kufika saa kumi na nusu jioni, aondoke kabla ya saa saba mchana.

Kabla ya kuondoka, msafiri amwachie mtu wa nyumbani jina la kambi na siku ya kurudi. Dharura ikitokea, nambari za kupiga ni 999 au 112. Tahadhari kabla ya hatari.