Fikra za Bwana Miti
Bwana miti atumwaye kata ya Runazi, wilayani Biharamulo, akiipima kazi yake kwa idadi ya miche tu, hatavitazama visiki vya miombo vinavyochipua vyenyewe. Ndivyo ilivyokuwa katika mkoa wa Shinyanga, ambako vichaka vilifyekwa zamani ili kuangamiza mbung'o. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulikazia kwanza vitalu vya miche. Baadaye watumishi walikubali kujifunza ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili mifugo iyatumie kiangazi. Kufikia mwaka 2004, ngitili zilienea zaidi ya hekta 300,000. Miti mingi humo haikupandwa: ilichipua kutokana na mizizi iliyokuwamo ardhini.